Bom Bom Isiyokuwemo

Mke wangu tulimzika bara, kwao, nikarudi Changamwe na jioni ile ile nikala. Watu waliniangalia nikila, nikawaacha waangalie. Chakula kilikuwa kinashuka, sikuona sababu ya kukikataa. Baadaye nikafungua karakana yangu kama kawaida, maana malori hayajui msiba. Mimi ni fundi wa springi za malori. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatoka, nikashika nyundo, na nyumba ninayolala pamoja na vyumba vya kupangisha vilivyo nyuma yake vimetoka kwenye nyundo hiyo. Sisemi haya kujisifu. Haya basi, najisifu.

Mkaza mwanangu ndiye aliyeanza mambo ya simu. Aliona sisemi. Si kwamba nilikuwa nalia. Ningelia angejua la kufanya. Alinikuta nimekaa barazani akasema, "Baba, wewe ni mtu wa kwaya, hebu sikiliza hii," akanitia viwaya masikioni kama anayemtia mtoto dawa. Aliiita podikasti. Ni kipindi kama cha redio, ila hakina saa yake, ukikitaka kinakuja. Ndani yake mwanamke wa Nairobi alikuwa akieleza muziki wa Wazungu wa zamani, ule wa fidla nyingi. Kiswahili chake kilikuwa kile chao cha Nairobi, kinachokimbia na kuacha viatu nyuma, lakini nilimwelewa. Anapiga kipande kidogo, anasimamisha, anauliza tumesikia nini, kisha anakirudia. Na mimi ndivyo ninavyomfundisha mtu springi. Gonga, sikiliza, gonga tena. Chuma chenye ufa hakilii kama kilicho kizima.

Nikawa nasikiliza mchana, karakana ikitulia. Sitasema uongo kwamba niliupenda muziki ule. Mwingine ulikuwa mrefu kuliko harambee. Kulikuwa na mmoja wa kinanda peke yake, wa polepole, mwanamke yule akasema watu hulia wakiusikia. Niliusikiliza wote nikinywa chai. Sikulia. Ila niliona kwamba mkono wa kushoto wa mpigaji unafanya kazi ile ile tangu mwanzo hadi mwisho bila kusifiwa, nikauheshimu mkono huo. Mwingine wa ngoma na tarumbeta ulikuwa kama lori lililojaa likipanda mlima wa Mazeras kwa gia ya kwanza. Huo nao niliuelewa.

Sasa, kwaya. Kanisani kwetu mimi ni sauti ya nne, besi, tangu ujana. Mke wangu alikuwa sauti ya pili. Kila Pasaka tunaimba wimbo mmoja mkubwa wa Kizungu tuliofundishwa na mwalimu wetu wa kwanza, marehemu sasa, kwa solfa ya do re mi ubaoni. Kila sauti ilikuwa na pahali pake pa kujifunzia. Wanawake wa sauti ya pili walikaa chumba cha shule ya Jumapili, sisi besi tulikaa kwenye jiko la kanisa katikati ya masufuria. Hata nyumbani tulikatazwa kuimbiana. Mwalimu alisema mume na mke wakiimbiana, mmoja humvuta mwenzake, na Jumapili wote wawili wanapotea. Sheria ile tuliitii mpaka tukazeeka nayo.

Fahari ya sauti ya nne ilikuwa bom bom. Wengine wakiimba maneno, wengine wakinyamaza, sisi tuko chini yao, bom, bom, bom, hatupumziki. Watu wa Likoni walikuja kwetu kujifunza bom hiyo, na wa Kisauni wakaichukua Likoni. Pasaka bila bom haikuwa Pasaka.

Mwaka huu tumepata mwalimu mpya, kijana aliyesomea muziki chuoni, na kanisa limenunua kinanda cha umeme. Mazoezi ya kwanza akasema wimbo utaimbwa kama ulivyoandikwa, na bom haimo. Besi tuna maneno yetu machache, kwingine tunyamaze. Mzee mwenzangu aliyekuwa dereva wa kreni bandarini akaniangalia. Wa zamani tumebaki sisi wawili tu. Nikasimama.

"Bom imo," nikamwambia yule kijana. "Nimeiimba kabla mamako hajaolewa."

Akasema kwa adabu kwamba ananisikia, lakini haimo. Nikamwambia wiki ijayo namletea ushahidi.

Mkaza mwanangu alipekua ile simu mpaka akapata kipindi ambacho mwanamke wa Nairobi anaueleza wimbo wetu. Nikakaa karakana nikasikiliza. Bom ilikuwepo. Nikajipiga paja. Kisha mwanamke akasema hizo ni fidla kubwa, zile zinazosimamishwa chini zikapigwa kwa upinde. Si watu. Mwalimu wetu marehemu hakuwa na fidla wala kinanda, alikuwa na wanaume wa Changamwe, akawatumia hao. Hakutwambia.

Halafu yule mwanamke akaziachanisha sauti, tuzisikie moja moja. Ya kwanza naijua, kila mtu anaijua, ndiyo inayobeba wimbo. Ya tatu husimama ubavuni mwangu. Ilipofika ya pili, peke yake, sikuijua. Maisha yangu yote ya kwaya nimesimama nyuma ya mke wangu nikiona kisogo chake, na kilichokuwa kikimtoka mdomoni sikuwahi kukisikia, kwa sababu mimi nilikuwa bom. Nikairudisha, nikaisikia tena. Haikuwa na utamu wa pekee. Inapanda kidogo, inarudi, inangoja wengine. Mteja akaja na springi iliyokatika, nikavua viwaya nikafanya kazi.

Mwenzangu wa kreni nilimfuata kwake nikamwekea asikie mwenyewe.

"Kwa hiyo mimi umri huu wote nimekuwa fidla?"

"Fidla kubwa," nikamwambia.

"Na mke wangu kaishi na fidla, kanyamaza tu." Akacheka, kisha akakasirika. Akasema hawezi kusimama mbele ya watu mdomo umefungwa kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Twende zetu sote wawili, tuwaache na umeme wao, siku ukipotea watatuita.

"Wewe nenda," nikasema. "Mimi nabaki."

"Kufanya nini? Huna kazi pale."

Nilitaka kusimama pale pale nyuma ya sauti ya pili, nikiwa kimya, basi. Hilo si jambo la kumweleza mtu mzima mwenzako, na sikujua kama nitaruhusiwa.

Wiki ilipofika nilimwambia mwalimu mbele ya wote kwamba bom haimo, alisema kweli. Akaona haya kuliko mimi. Akaniambia kwa upole labda mzee nipumzike sasa, nikae mbele na wazee wa kanisa, kuna viti vya mito. Nikamwambia sitaki mto.

"Nipe hayo maneno machache. Kwingine nitanyamaza."

"Kunyamaza ni kugumu, mzee. Aliyezoea bom, itamtoka."

"Ikinitoka siku ya Pasaka, nitoe mbele ya watu."

Akakubali. Mazoezini ilinitoka, vijana wakacheka, mmoja akaniita spika. Nikawa nauma ulimi. Kupiga chuma ni rahisi kuliko kushika koo lako mwenyewe.

Pasaka nikasimama pahali pangu. Wa kreni alikuwa benchini, mikono kifuani, akingoja nikosee. Kinanda kikaanza bom, koo likataka kuifuata, nikalizuia. Maneno yetu ya kwanza tukayaimba, tukanyamaza, wanawake wakaendelea. Pahali pa mke wangu alisimama mama mwingine, mfupi, mwenye kilemba cha manjano. Sauti yao ilinijia wazi, kama mtu anayezungumza chumba cha pili na mlango haukufungwa. Niliingoja pia ile hali ambayo watu husema huwajia. Haikuja. Mama mmoja mbele yangu alikuwa akijipangusa macho, nikatazama pembeni. Lakini niliisikia sauti ya pili yote, hakuna pahali iliponipita, mpaka mwalimu akatunyooshea mkono sisi wanaume, nikaingia.