Mapovu ya Fakihi

Pale Kunduchi, Fakihi alijulikana kwa pumzi. Wenzake waliozamia makombe na majongoo bahari waliibuka wakihema, naye bado yuko chini. Pumzi hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake, na ndiyo iliyotaka kumwua.

Miaka michache baada ya Azimio la Arusha, hoteli moja ya ufukweni ilitaka mwananchi wa kufundisha uzamiaji, maana mgeni aliyekuwa akiifanya kazi hiyo alikuwa amefunga virago. Akaletwa Revelian, Mhaya aliyejifunza ng'ambo kuzamia na mtungi wa hewa, ili amwandae mtu mmoja wa pale. Alipochaguliwa yeye, Fakihi alicheka mpaka machozi. Mtu wa bara, aliyekuzwa kwa ndizi na senene, aje amfundishe yeye bahari?

"Bahari sikufundishi, Ndugu Fakihi," Revelian alisema. "Nakufundisha kupumua."

Kicheko kiliishia hapo. Kwa wazamiaji wa Kunduchi, pumzi hufungwa kifuani, na anayetoa mapovu chini ya maji ni mtu anayekufa. Baba yake Fakihi alizama karibu na kisiwa cha Mbudya. Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa mtumbwini siku hiyo, na hakuona kingine ila mapovu yakipanda, kisha maji yakatulia.

Mtungi ulitaka kinyume chake. Hewa uliyoivuta chini hutanuka unapopanda, Revelian alieleza. Ukiibana, mapafu yanapasuka. Fakihi alielewa vizuri kabisa. Ila siku ya mtihani, alipotakiwa kuvua kipumulio kule chini na kupanda huku akitoa pumzi njia nzima, akafumba mdomo. Mazoea yana taabu. Revelian alimdaka mguu, akamvuta na kumrudishia kipumulio mdomoni.

"Ungekufa," alimwambia mashuani. "Kesho ukifumba tena, watatafuta mwingine."

Angeacha, na nani angemlaumu? Lakini katika mazoezi tayari alikuwa ameona. Maisha yake yote alipita kwenye mwamba wa matumbawe kama mwizi jikoni, nyakua ukimbie. Sasa, na mtungi mgongoni, alikuwa amepiga magoti mchangani akatulia. Alisikia meno ya pono yakitafuna matumbawe. Aliona chewa mkubwa mlangoni pa pango lake, akimtazama kama mwenye nyumba asiye na haraka. Jua lilishuka mpaka kwenye vidole vyake. "Subhanallah," alisema ndani ya kipumulio, na neno likatoka mapovu. Bahari hiyo aliijua tangu utotoni, kumbe hakuwahi kufika.

Kesho yake asubuhi alimkuta mama ameshakaa mashuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia siku hizi watoa mapovu." Bi Mwanakombo hakumtazama. "Kukukataza siwezi, una ndevu. Ila mie nitakuwapo."

Chini, Revelian alimpa ishara. Fakihi akavua kipumulio, na kifua kikajifunga chenyewe. Alimwona mama akilini, ameinamia maji. Asipotoa mapovu, mama atatulia roho, naye atapasuka kabla hajafika. Akitoa, mama ataona tena kile alichokiona Mbudya. Njia iliyobaki ni moja tu: aishi mbele ya macho ya mama kwa namna ileile mama aliyoiogopa.

Akafungua mdomo. "Aaaa." Akapanda, na pumzi haikuisha. Kadiri alivyoitoa ndivyo ilivyozidi, kana kwamba kuna mtu anayeijaza kwa siri. Alishangaa mpaka akasahau kuogopa.

Alipoibuka, Bi Mwanakombo alikuwa amesimama, pindo la khanga ameliuma menoni. Alimshika kichwa kilicholowa, akakishikilia.

Fakihi alifundisha pale miaka mingi, watalii, walimu wa shule, hata makarani wa Temeke walioogopa maji ya goti. Bi Mwanakombo alizoea kwenda nao. Siku moja karani Theonest alizamia na Fakihi kwa mara ya kwanza, na mkewe, Kokuberwa, alipoona maji yanachemka mapovu, akaanza kulia. Nahodha ndiye aliyemsimulia Fakihi baadaye jinsi mama yake alivyosogea, akamfuta yule binti machozi kwa khanga yake.

"Nyamaza, mwanangu," alimwambia. "Si unayaona yanatoka? Yakikoma ndipo tulie wote."