Simu ya sadaka niliyoinunua mnadani Kirua Vunjo

Wakuu, nawasalimu kutoka Moshi, ambako mlima umejifunika tangu juzi na baridi haina adabu.

Haya nimeyaona kwa macho yangu. Mahali ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika, ili msije mkanishika shati kwenye komenti.

Kwanza mnijue kidogo. Ni mama wa watoto wawili, naishi Shirimatunda, kazi yangu ni kushona sare za shule. Mume wangu ananiita mpelelezi. Kitambaa nakigeuza pande zote mbili kabla sijakikata, na binadamu nao nawageuza hivyo hivyo.

Sikuzaliwa hivi. Kuna mwaka niliuziwa modemu ya ofa na vijana waliofungua mwavuli pembeni ya barabara. Nusu bei, eti promosheni inaisha jioni. Kufika nyumbani, kumbe imefungwa kwa mtandao mmoja tu, na mtandao huo kwetu mpaka upande juu ya tenki la maji. Kurudi kesho yake, mwavuli haupo. Tangu siku hiyo nikisikia neno ofa nashika pochi.

Sasa pamoja na ujanja wangu wote, nilipigwa mahali ambapo sikutegemea.

Kanisani.

Tulieni, sisemi vibaya kanisa. Kwa wasiojua, huku kwetu, kwa Walutheri wa Kirua Vunjo, asiye na fedha analeta alichonacho. Mkungu wa ndizi, mayai, kuku, maziwa. Baada ya ibada vinanadiwa uwanjani. Na unanunua ghali kwa makusudi, maana ni sadaka. Trei ya mayai inaweza kwenda bei ya mbuzi na watu wakapiga makofi.

Kitu kimoja hakifanyiki pale. Hakuna anayekagua. Utaanzaje kulitikisa yai la Bwana mbele ya mchungaji?

Jumapili moja nimepanda nyumbani kumsalimia mama. Anaishi peke yake kwenye kihamba, lile shamba letu la ukoo la migomba na kahawa, ana presha, na simu yake ya zamani ilikuwa inajizima inavyotaka. Nikipiga isipopatikana, moyo wangu unahama. Siku mbili tatu kabla alikuwa ameanguka kizizini, na jirani ndiye aliyenipigia.

Basi mnadani ikatolewa simu. Ya kisasa, iko ndani ya boksi lake, na nailoni bado. Dalali wetu ni Baba Glory, ambaye ndiye pia mwenye kibanda cha kutengeneza simu pale sokoni kwetu. Akaiinua juu kama kikombe cha ligi.

"Mtu amemtolea Bwana simu mpya! Mpya kabisa! Nani atasema?"

Nikaona hii ni ya mama yangu. Tukashindana na baba mmoja wa Marangu mpaka akakaa chini. Makofi, vigelegele, mama anafuta machozi. Fedha zile zilikuwa za kununulia mabati ya darasa la shule ya Jumapili.

Wiki ya kwanza sawa. Wiki ya pili mama ananiambia simu inachemka "kama chungu cha mtori". Picha chache tu imejaa. Nikimpigia inaita, yeye hasikii kitu. Siku nyingine haipatikani kabisa mpaka jioni, na mimi huku nimeshakaa kwenye cherehani nimeshona mkono wa shati kichwa chini.

Nikapanda. Nikabonyeza *#06#, zikatokea zile namba za utambulisho wa simu, IMEI. Nikazilinganisha na zilizoandikwa kwenye boksi. Hazifanani. Nikazituma kwenye ile huduma ya kuhakiki kwa meseji. Jibu likaja na jina la simu nyingine kabisa, tena ya vitufe.

Aisee.

Sasa nani anampelekea Mungu simu feki?

Mnaona wenyewe akili yangu ilikokwenda. Nani anauza na kutengeneza simu? Nani aliisifia mno? Nani aliinadi haraka haraka bila kuifungua? Baba Glory! Nikajua ameshindwa kuiuza kibandani, ameisukumia madhabahuni. Tena akashangiliwa.

Jumapili iliyofuata nilimpita bila salamu. Alipocheka na watu niliona anatucheka sisi. Hata alipotoa sadaka yake nilitazama noti.

Nikamwambia mama. Akanikata hapo hapo.

"Mwanangu, ulimwona?"

"Sikumwona, lakini hapa kuna namna."

"Basi funga mdomo. Simu ile aliitoa Bibi Aikande. Alinunua mjini kwa fedha za kahawa. Shukrani ya macho."

Nikakaa.

Bibi Aikande ni jirani ya mama, kihamba kwa kihamba. Ndiye aliyenipigia mama alipoanguka. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akaona tena, akaahidi kumtolea Mungu kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kushika. Yeye mwenyewe anatumia simu ya tochi iliyofungwa raba.

Mama alikuwa anajua aliyetoa, ila hakujua kwamba ni feki. Mimi nilijua ni feki, sikujua aliyetoa. Tukakubaliana tulizike jambo hilo. Nikamnunulia mama simu nyingine, kimya kimya.

Lakini sikulala. Bibi wa watu amerudishiwa macho, na mtu anamuibia hapo hapo? Nikapeleleza kwa upole duka alilonunulia, nikashuka na ile simu mjini. Mtaa siutaji. Duka lina vioo na taa nyingi, muuzaji mtu mzima, suti, manukato. Mchagga mwenzetu, lafudhi haijifichi.

Nikamwekea simu mezani. Hakuishika hata.

"Dada, aliyenunua ni wewe?"

"Hapana."

"Basi mwenyewe aje. Na risiti."

Akatabasamu vizuri tu. Nikajua hii kauli ameshaizoea mdomoni. Bibi hakuwa na risiti. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alipewa punguzo kwa sababu hakutaka risiti, yaani alielezwa risiti inapandisha bei. Wakuu, hapo ndipo punguzo lote lilipotoka. Hukupunguziwa bei, umeuza haki yako ya kurudi.

Na ili bibi aje mwenyewe, lazima aambiwe. Nikaondoka na simu yangu kwenye mfuko wa rambo.

Ningeishia hapo, uzi huu usingekuwepo.

Mwezi uliofuata fedha za kahawa zikatoka tena. Niko jikoni kwa mama namenya ndizi, Bibi Aikande akaingia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, shimbonyi? Simu yangu inaendeleaje?"

Kila akituona anauliza hivyo. Na kila siku mama anajibu nzuri, huku anatazama moto.

"Aika," akashukuru kwa Kichagga, "maana mjukuu wangu amepata chuo cha uuguzi. Kesho kutwa nashuka kwa yule yule bwana, anichagulie na yake. Mpole sana yule. Ananiita mama."

Mama akaacha mwiko. Mimi kisu kimesimama.

Nifanyeje? Nikinyamaza, anapigwa mara ya pili, na mtoto anakwenda chuo na bomu mfukoni. Nikisema, namwambia bibi wa watu kwamba shukrani aliyompa Mungu kwa ajili ya macho yake ilikuwa takataka.

Nilitoka nje. Kulikuwa na manyunyu. Nikaenda mpakani nikachuma jani la msale.

Kwa wasio wa huku, msale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu unampelekea msale, na mwenye utu hakatai kusamehe. Nilimpelekea bibi kwa mikono miwili kwa sababu tulimficha.

Alipouona tu akakaa chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna bibi. Ni ile simu."

Nikasema yote. Alinisikiliza huku ameushika msale magotini. Nilitegemea alie. Akauliza swali moja.

"Mabati yaliyonunuliwa nayo yanavuja?"

"Hapana bibi. Mabati ni mazima."

"Fedha uliyotoa ilikuwa ya kweli?"

"Ya kweli."

"Basi Mungu hakuibiwa," akasema. "Nimeibiwa mimi. Kesho tunashuka."

Nikajaribu kumwambia habari ya risiti. Hakunisikia, alikuwa ameshaanza kuuliza kitenge chake cha umoja wa akina mama kilifuliwa lini.

Kesho yake tuko dukani. Yule bwana akamchangamkia kweli.

"Mama! Shikamoo! Karibu sana!"

Bibi akaitikia marahaba, akafungua kikapu, akatoa ile simu feki. Kisha akatoa msale. Ule ule niliompa mimi. Akaulaza juu ya kioo, katikati ya simu zote.

"Ulinikosea," akasema, tena kwa upole. "Na mjini hapa hakuna mpaka wa kihamba, nikajua utakosa pa kuuchuma. Nimekuletea. Ushike, uniombe msamaha, unirudishie fedha yangu."

Bwana akacheka. Akatutazama, akaona sisi hatucheki.

Alianza ile habari ya risiti. Bibi akavuta stuli akakaa, miguu ameipanga vizuri kama yuko ibadani. Wateja wakaingia. Kila aliyeingia bibi anamsalimia, na kila aliyemsalimia anauliza mbona kuna msale juu ya meza. Na bibi anajibu. Hasemi kwa ukali, anasimulia tu, kuanzia macho.

Baba mmoja aliyekuja kununua chaja akavua kofia. "Kijana," akamwambia, "kitu hicho hakiachwi mezani hivyo. Utakuja kujuta." Akaondoka bila chaja.

Yule bwana alikuwa na jasho kwenye pua. Kuushika msale ni kukiri mbele ya watu. Kuutupa, huku kwetu, sijui nani ana ujasiri huo. Akaingia nyuma, akatoka na fedha. Yote. Nilizikagua noti moja moja kwenye mwanga wa mlangoni, na sina aibu.

Pole hakusema. Bibi akainuka, akafunga kikapu.

"Fedha nimepata. Msamaha wako nimeuacha hapo mezani, ukiutaka."

Tukavuka barabara, wakuu. Mimi ndiye mjanja wa familia na nilichoweza ni kurudi nyumbani na mfuko wa rambo.

Fedha ile bibi alikataa kuila. Akanipa mimi ninunue simu orijino, kwa risiti. Nikanunua, nikahakiki mbele ya muuzaji mpaka akanuna. Bibi akaipeleka tena madhabahuni.

Mnadani, Baba Glory akaiinua. Kabla hajafungua mdomo, bibi akasimama.

"Ile ya kwanza niliyoleta ilikuwa feki. Sikujua. Hii ndiyo yenyewe."

Basi. Aibu ambayo mimi na mama tuliifunika wiki nyingi kwa uongo, yeye aliimaliza kwa pumzi moja na kukaa.

Halafu mama mmoja wa kwaya akatoa simu yake kwenye mkoba, akanisogelea, akaninong'oneza, "Hebu niangalizie na hii." Akaja wa pili. Akaja yule baba wa Marangu. Nikajikuta nimesimama chini ya mti wa mgrevilea nabonyeza *#06# kwenye simu za watu kuliko nilivyowahi kushona vifungo.

Sikuhesabu zilizokuwa feki, lakini hazikuwa moja wala mbili. Na nilipouliza zimenunuliwa wapi, wengi walitaja duka lile lile la vioo. Walikuwa wanajua wamepigwa. Mmoja simu yake ilichemka mpaka akaificha kabatini. Mwingine mwanawe ndiye aliyemletea Krismasi, ataanzaje kusema? Kila mtu alikuwa amekaa na yake kimya, akidhani ni mjinga peke yake.

Hilo ndilo nililojifunza. Mimi nilishuku watu wote, nikasahau kitu kimoja. Yule bwana hakuwa anaishi kwa ujanja wake. Alikuwa anaishi kwa aibu yetu.

Baba Glory sikumwomba msamaha, maana hakujua nilimshuku. Najua anasoma humu, basi kaka, sasa umejua. Msale nakuletea Jumapili.

Haya wakuu. Shika simu hiyo hiyo unayosomea, bonyeza, linganisha na boksi, hakiki. Ikiwa nzima, mshukuru Mungu uendelee na komenti zako za kejeli, nazisubiri.

Ikiwa feki, rudi hapa uandike uliinunua wapi na ulikaa nayo kimya muda gani. Bibi Aikande amesema mbele ya usharika mzima. Wewe unatumia jina la bandia, unaogopa nini?