Bujiku na Muziki wa Noah ya Kwaya

Ukitaka gari lako lipige muziki mpaka bati litetemeke, Kalangalala nzima, hapa Geita, itakuelekeza kwa Bujiku. Kibanda chake kiko pembeni mwa barabara, kina turubai la bluu na milango ya magari imeegemezwa ukutani, na tangu asubuhi mpaka jua linazama pale hapakaliki. Paskalia, muuza chipsi wa jirani, alishazoea kupokea oda za wateja kwa ishara za vidole.

Na jamaa kazi anaijua, tusimnyime haki yake. Mletee gari lolote lililoshuka kutoka Japani, lenye redio ya kiwandani inayoongea Kijapani na isiyokamata stesheni hata moja ya maana. Ataing'oa dashibodi yake bila kuvunja pini. Ataweka redio mpya ya kusoma flashi, atavuta waya mnene kutoka kwenye betri na kuupitisha chini ya zulia, amplifaya ataificha chini ya kiti. Milangoni spika, nyuma kwenye buti sabufa, na kwenye pembe za kioo cha mbele twita, zile spika ndogo za kutoa sauti nyembamba. Hajawahi kuunguza gari la mtu. Mikono ile Mungu aliibariki, jamani.

Masikio ndiyo yalikuwa yamekwenda.

Hayakwenda kwa siku moja. Yaliondoka kidogo kidogo, kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Kwanza aliona twita zimekuwa dhaifu, akawalaani wauza spika: "Feki tupu! Wanatuuzia makopo!" Basi akawa anaziongeza nguvu. Wateja wa maofisini wakaanza kurudi na nyuso zilizokunjamana, wanalalamika kwamba muziki unawachoma masikio. Bujiku akawaambia hawajauzoea muziki mzuri. Wakaenda kwa mafundi wengine, na yeye akasema waende salama.

Waliobaki ni wachimbaji, na hao walimpenda kufa. Duara la mtu, yaani shimo lake la kuchimbia, likitema dhahabu kule Rwamgasa, jambo la kwanza ni gari, la pili ni kwa Bujiku. Mteja wake mkubwa alikuwa Ndaki, mwanamume wa miraba minne aliyekulia kwenye karasha za kusagia mawe na baruti za chini ya ardhi. Ndaki akiongea na wewe utadhani mko ng'ambo mbili za bonde. Siku alipowekewa muziki kwenye gari lake, alikaa kitini, akafungulia mpaka mwisho, akalia machozi ya furaha.

"Nkoi, rafiki yangu, huu sasa ndio muziki!" alipiga kelele. "Kule kwingine nilikuwa sisikii kitu! Kwako nasikia mpaka kengele!"

Bujiku akatabasamu, akajisemea moyoni kwamba mbona masikio yake mazima tu. Angalia mambo hayo! Watu wawili walioharibika masikio wanapimana, mmoja anamsifu mwenzake, na wote wanaridhika. Jina likakua kwa namna hiyo. Nusu ya Rwamgasa haisikii vizuri, na yeye ndiye fundi aliyewafikia.

Lakini hakuwa mjinga, alijua. Ufundi aliusomea Shinyanga, jirani na stesheni ya reli, kwa fundi redio mmoja aliyeitwa Akida. Akida hakuwahi kukabidhi redio kabla ya kuishusha sauti mpaka chini kabisa na kuitegea sikio. Alikuwa akisema, "Redio mbovu hujificha kwenye kelele. Iache inong'one. Ukiyapata maneno, mpe mwenyewe." Bujiku alikuja Geita na desturi hiyo. Wachimbaji wakamcheka: "Fundi, mbona umeizima?" Akaacha. Miaka ilivyokwenda akajaribu tena siku moja, peke yake, milango imefungwa. Akaishusha sauti, akainamisha kichwa. Hakupata kitu, na taa ya redio ilikuwa inawaka.

Siku ile aliogopa hasa. Alikaa ndani ya lile gari mpaka mwenyewe akaja kugonga kioo.

Sasa sikiliza jambo linalouma. Huyu bwana mke alimpata kwa sauti. Alikuwa kijana, ameitwa kutengeneza amplifaya ya kanisa Shinyanga, yuko nyuma ya madhabahu na chuma cha kuunganishia nyaya kwa risasi mkononi, kwaya inafanya mazoezi. Akasikia sauti moja imepanda juu ya wenzake wote, nyembamba na safi, haitetereki. Akainua kichwa kumtafuta mwenye nayo, akajichoma kidole. Kovu analo mpaka leo. Mwenye sauti alikuwa Martina, na kabla ya mavuno Bujiku alikuwa ameshapeleka washenga kwao.

Na ndiyo sauti hiyo hiyo iliyokuwa ya kwanza kumkimbia. Aliaga nyumbani kwamba anafuata spika Shinyanga, kumbe anakwenda kwa daktari wa masikio. Daktari alimpima, akamwambia kwa upole kwamba zilizokufa ni neva, na neva hazioti upya. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea: ndege, kengele, watoto, wanawake. Ndiyo maana Ndaki anamsikia na mkewe hamsikii. Akashauriwa avae kifaa. Bujiku akashukuru, akatoka, akakataa. Nani atamkabidhi gari fundi wa muziki mwenye kidude sikioni? Mganga hajigangi, watu wangesema, na wangecheka mpaka wakae chini.

Akajikaza kisabuni. Nyumbani akabuni dawa yake, na dawa hiyo ilikuwa neno moja: sawa. Akiona mdomo wa Martina umecheza, anajibu sawa.

"Baba Nyamizi, mtoto ana homa tangu jana."

"Sawa."

"Leo hatuna mboga."

"Sawa."

Yule binti yao, Nyamizi, alikuwa anarudi kutoka shule na hadithi zake, anamrukia babake magotini na kuongea bila kituo. Bujiku anamtazama meno yaliyong'oka, anasema sawa, sawa. Mtoto naye akachoka. Akahamishia hadithi jikoni.

Siku moja Martina alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akamwambia kwa makusudi, ili amwone atafanya nini: "Naona nifunge mizigo nirudi kwetu."

"Sawa," Bujiku akasema, akaendelea kuvua viatu.

Martina hakufunga mizigo. Alirudi jikoni akalia, na tangu hapo akawa haongei ila la lazima. Bujiku aliona tu kwamba mke amenuna, asijue kosa lake. Paskalia, ambaye sauti yake inaweza kusimamisha lori, ndiye aliyemweleza: "Wewe Bujiku, mkeo anasema una mwanamke Rwamgasa! Anasema humjali hata akisema anaondoka!"

Ungetegemea mtu akimbie nyumbani akaseme kweli. Yeye aliinamia waya zake. Alipima mambo mawili, kuitwa mhuni na kuitwa kiziwi, akaona bora uhuni. Mhuni hutubu, akasamehewa, maisha yakaendelea. Kiziwi je?

Hapo ndipo mwalimu wa kwaya, Wiliam, alipoleta Noah. Mlezi wa kwaya alikuwa amewapa iwachukue kwenda Shinyanga kwenye tamasha la kwaya, na walitaka ipige nyimbo zao mpya njia nzima. Redio ilikuwa ile ile ya kiwandani, inaongea Kijapani, spika zake zimekauka zinakwaruza.

"Mama Nyamizi ameimba humo, fundi," Wiliam alisema. "Wimbo wa mwisho ameubeba yeye."

Bujiku aliyasikia hayo vizuri sana. Akawaza hivi: sauti ya mtu inatoka kifuani, ina nguvu kiasi gani? Lakini ikipita kwenye amplifaya yake, ikatoka kwenye twita zake, kwa mikono yake mwenyewe, itashindwaje kumfikia? Atamsikia Martina. Mara moja tu ingemtosha. Na Martina ataona amefanyiwa kazi na mumewe, kinyongo kitakwisha.

Aliwafukuza wateja wengine wote. Ndaki alikuja na fyuzi yake iliyokatika, akaambiwa arudi wiki ijayo, akaondoka anatukana. Bujiku alifungua milango ya Noah, akaibandika sponji ndani isitetemeke, akachagua spika nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Twita aliziweka, akazitoa, akazigeuza zimtazame dereva, akaziweka tena. Flashi ya nyimbo za kwaya Wiliam alikuwa nayo bado, kwa hiyo Bujiku alijaribia nyimbo za dansi. Akapandisha sauti nyembamba mpaka alipohisi kitu kama punje ya mchanga ndani ya sikio. Akaridhika. Alitoka pale anapiga mluzi, ila mluzi wenyewe aliujua kwa midomo tu.

Asubuhi ya safari kwaya nzima ilikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, wamevaa sare zao za zambarau. Bujiku naye alikuja, amevaa shati la kola. Martina alisimama na wenzake, hakumsalimu, lakini alikuwa anamtazama. Siku nyingi hakuwa amemtazama hivyo. Nyamizi alikuwa ameshika kanga ya mamake.

Wiliam akachomeka flashi, akafungulia. Wanakwaya wakaziba masikio. Mama mmoja alipiga yowe, mtoto mgongoni akaanza kulia.

"Samahani, fundi," Wiliam alisema kwa aibu, "naona imezidi. Inachoma." Akanyoosha mkono, akazishusha twita, kisha akaushusha muziki wote, chini, chini zaidi, mpaka watu wakatoa mikono masikioni na kusogea karibu na milango. Bujiku alimkumbuka Akida. Akasogea naye.

Wimbo wa mwisho ukaanza. Alisikia ngoma. Alisikia besi, na wanaume wakiitikia kwa mbali, kama wako nyuma ya ukuta. Halafu ngoma zikanyamaza, wanaume wakanyamaza, akabaki na ukimya. Akasubiri. Aliona wanawake wamefumba macho, mmoja anajipangusa shavu kwa kiganja. Martina alikuwa amemkazia macho yeye tu, uso umelainika, kana kwamba anasubiri kitu kwake. Bujiku akadhani uso huo ni kwa ajili ya ukimya ule, labda ni sala. Akasubiri sauti ya mkewe kwa mwili wake wote. Kisha ngoma zikarudi, wanaume wakaitikia, wimbo ukaisha.

Makofi yakapigwa. Aliona mikono.

Ikamwingia huruma kwa Martina. Wimbo aliosifiwa wamemnyima! Akaona hapa ndipo pa kumtetea mkewe mbele za watu, ajue kwamba mumewe anamjali. Akapaza sauti, maana siku hizi hakujua tena kuongea taratibu.

"Wimbo mzuri, mwalimu! Ila mmekosea jambo moja kubwa! Mbona Mama Nyamizi hamkumpa kipande chake?"

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani wa mke na mume. Kicheko kikakatika. Wanakwaya wakatazamana. Wiliam akamsogelea, na kwa kuwa sauti yake ni nene Bujiku aliisikia yote, neno kwa neno.

"Fundi, si ndiye huyo aliyeimba peke yake? Zile ngoma zilipokaa kimya. Alikuwa yeye, ubeti mzima."

Bujiku akaangalia twita zake kwenye pembe za kioo. Zilikuwa mpya, zinameta, hazina kosa. Akajua kwamba amekwisha. Hakuna amplifaya iliyobaki ya kujaribu, hakuna waya. Martina ameimba mbele yake, watu wamelia, na yeye alisimama pale kama gogo akisubiri aanze. Alitamani ardhi ipasuke imfiche, na ardhi ilikuwa palepale, ngumu, na watu wote wakimwangalia.

Martina alitoka kwenye kundi. Alikuja mpaka mbele yake, akamshika mkono, ule wenye kovu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyapangusa. Aliyarudia yote kichwani mwake wakati ule ule, homa ya mtoto, mboga, sufuria, mizigo, na uso wake ulionyesha kwamba ameyaelewa. Akafungua mdomo. Bujiku aliona midomo ikicheza, akaikodolea macho, akijitahidi kufa na kupona.

Wote waliokuwepo uwanjani walimsikia, hata Nyamizi.

"Tangu lini, Baba Nyamizi?"

"Sawa," Bujiku akasema.