Mtilie Mumeo Chumvi

Immakulata wa kijiji cha Titye ana pengo mbele, na hakuna mtu pale asiyejua lilivyopatikana. Mwaka wa kipindupindu alipita akitia klorini visimani, watu wakasema kumbe huyu ndiye anayeupanda ugonjwa, na jiwe likaondoka na jino. Siku hiyo mumewe Kipriani alisimama mlangoni na panga, akaapa kwamba atakayemgusa tena mkewe atazikwa bila mkono. Ninalisema hili mapema ili msije mkadai nimemsingizia ubaya mtupu.

Kipindupindu kikaisha, wahudumu wa afya ya kijiji, Immakulata mmoja wao, wakabaki. Safari hii wakubwa wa afya duniani walikuwa wanahangaika na moyo: presha inaua watu kimyakimya, basi kila kijiji kipimwe. Immakulata akapewa mashine ya presha na bango lenye picha ya kijiko cha chai. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi hapo.

Wa kwanza kumpima alikuwa wa nyumbani kwake. Mia moja na tisini kwa mia na kumi na tano, na ya mtu mzima haitakiwi kupita mia na arobaini kwa tisini. Kipriani akacheka sana. Mtu anabeba gunia la muhogo toka shambani bila kutua, mgonjwa wa wapi huyo? Vidonge vya zahanati akavitupa chooni.

Mkewe akaona dawa iliyobaki ni chungu chake mwenyewe, akapunguza chumvi. Siku mbili Kipriani alimeza hivyo hivyo. Ya tatu, kwenye pombe ya ndizi, wenzake wakamtania kwamba analishwa chapwa kama mfungwa. Akarudi nyumbani mchana ule ule.

"Umunyu uko wapi?" aliuliza, chumvi akiitaja kwa Kiha, maana Kiswahili kilikuwa kimeanza kumtoka kwa hasira.

Immakulata akaanza kueleza habari ya kijiko. Bakuli la maharage ya moto likampiga kifuani, ukafuata mwiko, kisha mateke, naye ameangukia mafigani huku binti yao Providence akivuta shati la baba na kulia. Mfupa wa mkono wa kushoto ulilia kama kuni kavu inapovunjwa.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mkono umefungwa kwa kanga. Mzee yule akamsikiliza mpaka mwisho, akasikitika, halafu akasema, "Mtilie mumeo chumvi, mambo yaishe." Mama mkwe naye alisema hivyo hivyo. Katekista alisema hivyo hivyo, ila kwa upole zaidi. Mkono wenyewe hakuna aliyeuulizia, na mimi hilo silisamehe.

Immakulata, mkaidi yule, akapika chapwa mara mbili tena, na mara mbili akapigwa, ya pili kwa ubapa wa panga mpaka akakojoa damu. Alikuwa anapigwa kwa kosa la kutaka mtu aishi.

Mkono ulipounga, akaenda sokoni akanunua chumvi ya Uvinza. Tangu siku hiyo jikoni pakawa na vyungu viwili. Chake na cha watoto kilitiwa kama bango linavyosema. Cha Kipriani kilitiwa kwa konzi, na dagaa waliokolea chumvi tangu ziwani akawaongezea nyingine. Kipriani akalamba vidole. Nyumba ikatulia, majirani wakamsifu mwenyekiti kwa busara zake. Immakulata alimchukia mumewe jinsi watu wanavyopalilia shamba, kila siku kidogo na bila haraka.

Siku ya kupima kijiji kizima, Kipriani alikuja na wenzake wa pombe, akakaa mbele ya mkewe na kunyoosha mkono ule ule aliokuwa akipigia. Immakulata akaufunga mkanda, akabonyeza. Namba zikapanda, zikasimama: mia mbili na ishirini kwa mia na thelathini na tano. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara tu, na mganga yumo ndani. Angelitamka lile alilolisoma, mtu angelazwa saa ile ile.

"Ngapi, Mama Providence?" aliuliza mumewe.

"Nzuri," alisema. "Presha ya kijana."

Kipriani akawageukia wenzake na kujipiga kifua, wakacheka wote. Kisha akashusha mkono wa shati, akauliza jioni kunapikwa nini.