Biarusi Aliyefumba Macho

Harufu ya singo, ule unga wa manukato anaosuguliwa biarusi mwilini, siiwezi. Ikinipitia puani, hata dukani kwa Mhindi anayeuza liwa na marashi, natoka nje nikapumue. Wenzangu hudhani najitia tu, eti mtoto wa pwani, wa Kibokoni, akimbie manukato! Wacha niwaambie, kisha mnihukumu.

Nilikuwa na miaka minane dada yangu Rukia alipoposwa na kijana wa Mbaraki, karani wa bohari moja kule Shimanzi. Kama ilivyo ada yetu, mwali aliwekwa ndani. Hatoki, hafanyi kazi, anasingwa asubuhi na jioni mpaka ngozi inang'ara. Aliyemshughulikia ni somo wake, yaani kungwi wake, Bi Zuhura, mwanamke mnene mwenye mikono mizito na maneno mazito zaidi.

Ndipo mafua yakaingia nyumbani. Tuliugua sote, hata paka alipiga chafya, na Mama akatunywesha tangawizi mpaka tukaichukia. Baada ya siku chache tukapona, tukarudi kukaanga visheti. Rukia peke yake ndiye ambaye hakurudi sawa. Akipanda ngazi huketi katikati, mkono kifuani. Fundi wa hina akalalamika kwamba miguu imejaa, maua hayakai vizuri.

"Si kukaa kitako huko," akasema Bi Zuhura. "Mwali hatembei, miguu itakosaje kujaa?"

Siku moja Rukia aliniita. "Mwambie Mama moyo unanienda mbio, na pumzi sipati." Nilikimbia jikoni nikasema. Mama alicheka, viganja vyeupe kwa unga.

"Moyo gani usiokwenda mbio wiki ya harusi? Mimi nilitetemeka mpaka meno yakagongana! Mwambie atazoea."

Mashangazi walicheka, nami nikacheka, maana kicheko chao kilikuwa kitamu.

Nikaha ilisomwa msikitini Ijumaa. Kesho yake alasiri ikawa kupamba. Nyinyi wa bara huenda hamjui: siku hiyo biarusi huonyeshwa kwa wanawake, kaketi kwenye kiti kilichopambwa, macho kayafumba, hacheki, hasemi, hajitikisi. Akikodoa macho tu, atasemwa mpaka wajukuu wake wasikie. Rukia aliyafumba. Midomo yake ilipakwa rangi, hatukuona chini yake kulikuwaje. Jasho lilimtiririka, Bi Zuhura akalipangusa kwa leso. Kisha kichwa kikaanza kumwinama taratibu, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

"Mashallah! Mwali ana haya huyo! Wa siku hizi hawako hivi!"

Mama alilia kwa fahari.

Alipoanguka walisema ni jicho la hasidi, wakamsomea kwanza. Baadaye ndipo wakampeleka hospitali. Daktari alitueleza kwamba virusi vya yale mafua vilikuwa vimeingia moyoni, moyo ukavimba, ukashindwa kusukuma damu. Ini na figo navyo vilikuwa vimeanza kulegea. "Kwani hakulalamika?" akauliza. Rukia alikufa alfajiri, hina yake haijapauka hata kidogo. Mumewe ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea, na hiyo ndiyo ikawa mara yake ya kwanza kumshika.

Matangani watu walisema ajali haina kinga. Haya, siwezi kubishana na Mungu. Wengine wakasema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapo ndipo ninapopandwa na hasira hadi leo. Aliyaficha wapi? Alisema! Alinituma mimi mwenyewe, nami nikafikisha.

Lakini kuna jambo ambalo utotoni halikunipitia akilini kabisa. Nilidhani siku ile ya kupamba Rukia alikuwa amebadilika, amekuwa mtu mzima. Jamani, Rukia alikuwa mtu wa kelele! Alicheka mpaka majirani wa ng'ambo ya kichochoro wakafunga madirisha. Alijibizana na wauza samaki kutoka ghorofani, na hata kwenye maulidi alishindwa kunyamaza. Haya hakuwa nayo hata chembe, na kila mwanamke aliyekuwa ukumbini alilijua hilo. Alikuwa anakufa mbele yetu, nasi tukamshangilia.