Mto wa Bi Sikio

Nimepanga foleni kwenye ofisi za mipango miji za nchi kadhaa, nikiambiwa kwa lugha mbalimbali nirudi kesho. Bi Sikio ndiye afisa wa kwanza niliyemwona akienda kazini na mto wa kulalia kwapani.

Jina amebandikwa na wenzake. Maombi ya kubadili matumizi ya jengo yakimfikia, huenda kwa jirani anayepinga, akakaa pale pale anapokaa jirani. Aliwahi kufua uani kwa watu apate kujua moshi wa mgahawa unaelekea wapi.

Safari hii nilimfuata nione, na jengo lilikuwa duka la majokofu lililofungwa siku nyingi, vioo vyake vimejaa matangazo ya mikutano iliyokwisha zamani. Seremala alilitaka liwe karakana. Kibanda chake kinabomolewa kupisha barabara, na akikosa hapa, yeye na mkewe anayepaka vanishi hawana pa kwenda. Lakini mtaa ule umetengewa maduka tu, na nyuma ya ukuta anaishi muuguzi wa zamu za usiku. Mchana ndio usiku wake, na alikuwa amepinga kwa nguvu zote.

"Dada, yaani ulale kitandani kwangu?" muuguzi aliuliza.

"Kwani wewe unalala wapi?"

"Hapo hapo, lakini..."

"Basi. Mto nimekuja nao."

Akachungulia dirishani. Seremala alikuwa ameshaleta msumeno wa umeme na meza yake kwa ajili ya jaribio. "Fundi! Washa, kisha ugonge kama siku zote."

"Bosi, nikigonga hivyo si utaninyima?"

"Ukigonga kwa adabu ndiyo nitakunyima!"

Msumeno ukaanza kulia, Bi Sikio akajilaza chumbani. Mimi na muuguzi tulikaa sebuleni, yeye kidole juu: "Unasikia? Unasikia?" Nilisikia, kama nyuki ndani ya chupa. Tukamsubiri Bi Sikio atoe neno. Muuguzi akasukuma mlango taratibu.

Bi Sikio alikuwa anakoroma, viatu vikining'inia nje ya kitanda.

"Makubwa haya! Mwenye usingizi mimi, anayelala yeye!"

Nyundo ya kwanza ikatua. Bi Sikio akaruka, akaketi wima. "Nani huyo?"

Seremala akaja mbio, vumbi la mbao kwenye kope. "Amesemaje?"

"Amekoroma," nikamjibu.

"Msumeno unabembeleza," Bi Sikio alisema, akijifuta mdomo bila haya. "Tatizo ni meza. Umeiegemeza ukutani, fundi, kila nyundo inampiga huyu kichwani."

"Tatizo ni hilo tu? Naihamisha sasa hivi!"

Tukaisukuma wote hadi kwenye vioo vya mbele, mke wa seremala akituamuru kama nahodha. Muuguzi akagoma kusadiki. Akaenda kulala mwenyewe, huku akituahidi kupiga kelele nyundo ikimsumbua.

Seremala akagonga. Akagonga tena, jasho likimtoka. Bi Sikio akaita kupitia dirishani: "Dada, vipi?"

Akajibiwa na mkoromo.

"Karakana imekubaliwa, meza ya kugongea ikae upande wa barabara," alisema Bi Sikio. Seremala akamkumbatia mkewe, vanishi na vumbi vikashikana.

Bi Sikio akarudi ofisini mikono mitupu. Mto ulikuwa chini ya kichwa cha muuguzi, na nani angethubutu kuuchomoa?