Ndama wa Dada

Machinjioni walimwita Pilipili, na hasira zake zilistahili jina hilo. Wateja wake walitaka nyama ya ndama iliyo nyeupe, na ndama aliwanunua kwa dada yake mdogo, aliyewalea kwa maziwa matupu, maana majani huifanya nyama iwe nyekundu.

Siku moja nyama ikatoka nyekundu ya kukolea. Pilipili akapandwa na mori.

"Umewalisha majani!" alimfokea dada yake mbele za watu.

"Kaka, naapa, ni maziwa tu."

"Mwongo mkubwa we!" Tangu hapo hakununua kwake tena.

Baada ya miaka sita nyama ikakolea vilevile, na safari hii ndama alikuwa wa mfugaji mwingine. Mkaguzi wa nyama akamvuta kando.

"Usimlaumu mfugaji. Wewe ukipandwa na hasira unawashusha garini kwa fimbo, unawakimbiza, unawachinja wakiwa bado wanahema. Mnyama akichoka na kuogopa hivyo, nyama inakolea hivi. Wapumzishe kwanza."

Aliwapumzisha, na nyama ikarudi kuwa nyeupe. Nafsi ikamsuta.

Jumapili akaenda kwa dada yake. Zizi lilikuwa limeota magugu. Aliomba radhi huku akitazama chini, na dada akamwekea chai bila neno la lawama.

"Utanisamehe, kaka, haina maziwa. Ng'ombe niliwauza."

Mpwa wake, binti mkubwa sasa, akacheka. "Sisi tumezoea, mjomba. Tangu utotoni tunakunywa hivi. Maziwa yote mama aliwapa ndama wako."